Bawa Moja Ibra, Bawa Moja Sur

Mlango wa nyumba ya ukoo wa mama yangu una mabawa mawili. Bawa moja limo ndani ya fremu yake, katika mtaa wa kale wa Ibra, Oman. La pili liko Sur, mwendo wa kama saa mbili kwa gari, na linafungua chumba cha nyumba nyingine kabisa. Walioyatenganisha wameshazikwa wote wawili, na mabawa hayajakutana bado.

Habari hii ilinifika Unguja kwa simu. Khaloo Zuwena, mdogo wake marehemu mama, alizaliwa Malindi ya hapa Unguja na amezeekea Ibra. Alinieleza kuwa baba yake na amu yake walipomrithi babu waligawana kila kitu kwa salama: mitende kwa idadi, maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, kwa zamu. Walipofika kwenye mlango, ambao wenyewe husema ulichongwa Unguja ukaja Oman kwa jahazi na ngamia, hakuna aliyekubali kumwachia mwenziwe. Basi kila mmoja akachukua bawa lake. Mwenye bawa la Sur sasa ni mjomba Nasor, binamu yake khaloo.

Nyumba ya Ibra inatengenezwa. Rahma, binti yake khaloo, anataka kuifungua iwe nyumba ya wageni, kama watu wa Nizwa walivyofanya na mtaa wao wa zamani. Kuta ziko karibu kumalizika, na mafundi wanataka mlango. Ama bawa la Sur lirudi, ama fremu ya nakshi ing'olewe utiwe mlango wa chuma.

"Wewe mtoto wa mtoto wa kike, hujatia mkono katika ugomvi wetu," khaloo aliniambia. "Njoo uniendee kwa Nasor. Nikenda mimi tutagombana sijavua viatu."

Nikapanda ndege, na Alkhamisi mchana tuliondoka Maskat. Rahma, ambaye kazi yake ni ya benki, ndiye aliyeendesha. Kiswahili chake ni cha kusikia jikoni kwa mama yake. "Tutapita Fanja kwanza," alisema. "Pale iko nyumba mingi ya zamani, juu ya jabali."

Fanja tulisimama kando ya barabara panapouzwa mitungi ya udongo. Juu yetu, mtaa wa kale umekaa kileleni kama kofia, kuta zake rangi ile ile ya mwamba, na mitende imetanda chini. Nilitazama sana nisione mwamba unakwishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Watu wengi wameshateremka kwenye nyumba za matofali zenye viyoyozi. Juu wamebaki wachache.

Alasiri tulifika Ibra. Khaloo alikuwa mlangoni mwa nyumba yake mpya, kanga begani juu ya dishdasha, kanzu ya kike ya mkoa ule wa Sharqiya.

"Shikamoo, khaloo."

"Marhaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Unguja hawapiki siku hizi?"

Hakunipa nafasi ya kupumzika. Alichukua bakora yake akanitangulia Minzafa, ule mtaa wa kale, na hapo ndipo nilipofahamu kwa nini anaupigania.

Njia yenyewe ni nyembamba. Huku na huku zimesimama nyumba za wafanyabiashara waliokuwa na mguu mmoja huku na mguu mmoja kwetu: ghorofa mbili, ghorofa tatu, za mawe na udongo. Baadhi ya vyumba vimejengwa juu ya njia, ukipita chini yake unaingia kivulini na baridi inakupokea. Madirisha ya juu yana vipande vya jasi vilivyotobolewa kwa maua ili upepo upite na macho yasipite. Katika nyumba moja isiyo na paa nililiona rafu la ukutani lenye upinde mzuri, bado lina alama za mviringo palipokaa sahani. Katika nyingine, dari ni ya boriti za mikoko zilizopakwa rangi nyekundu, zimelala sawasawa. Boriti kama hizo nimelala chini yake utotoni, Unguja. Nilisimama nazo hata khaloo akanigongea bakora.

"Hiyo ya jirani. Yetu mbele."

Yetu ina ghorofa tatu. Mafundi walikuwa wakikandika ukuta kwa saruji ya hapa, ambayo si simenti bali udongo uliochomwa ukasagwa. Mlangoni, bawa la kulia limesimama peke yake. Ni msaji, umekauka na kufifia kwa jua, nakshi ya mnyororo imezunguka pembeni. Pa bawa la kushoto palikuwa na turubai la bluu.

"Miaka yote hii natazama nusu mlango," alisema khaloo. "Nikiona chuma pale, sitoingia tena nyumba hii. Wallahi siingii."

"Mama, ile mlango ya chuma nimeshalipia arabuni," Rahma alisema taratibu.

"Mlango *wa* chuma! Na usinitajie."

Ijumaa baada ya sala tulishika njia ya Sur. Jabali likapungua, mchanga ukaja, kisha hewa ya chumvi. Nyumba ya mjomba Nasor iko Ayjah, ng'ambo ya hori la bahari, kwenye safu ya nyumba nyeupe zenye milango mizito ambayo kila mmoja una nakshi yake. Rahma aliingia ndani kwa wanawake. Mimi nilikaribishwa majlisi, chumba cha wageni wanaume.

Mjomba Nasor ni mrefu, mstaafu wa serikali, aliyesomeshwa Unguja utotoni.

"Habari za Mkunazini? Bado pana matope mvua ikinyesha?"

"Bado, mjomba."

"Basi mji uko salama."

Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nilikuwa na kiu, na kwetu kahawa ya mwenyeji hairudishwi. Nikanywa. Akaongeza, nikanywa, nikatikisa kikombe kuonyesha yatosha. Mjomba akacheka mpaka mabega yakamcheza.

"Si umetumwa na Zuwena?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na hakukwambia usikiguse kikombe?"

Akanieleza, akifurahi kama aliyeokota kitu. Mgeni mwenye haja nzito hukiweka kikombe chini asinywe, mpaka mwenyeji amwambie: kunywa, haja yako imekwisha. Mwenyeji anayemwacha mgeni aondoke bila kunywa hubaki na aibu mji mzima.

"Ungekiweka chini tu, ningekuwa taabuni. Sasa mimi huru. Haya, sema neno lako."

Nikasema. Akaniinua akanipeleka ndani, baada ya kuwapigia hodi wanawake. Bawa lilikuwa kwenye chumba alichokaa mama yake hadi alipofariki, limeungwa na bawa jipya lisilo nakshi. Ndilo lenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika kiungo cha mabawa mawili. Halikufanana na la Ibra. Lilikuwa jeusi, linang'aa kwa mafuta, na pale mkono unaposhika nakshi imekuwa laini.

"Wanawake wa nyumba hii wanalipaka mafuta kila Idi," alisema. "Humu tumezaa, humu tumezika. Ile ya Ibra nani analala? Popo. Niambie wewe unayetoka mbali: mlango unafuata ukuta au unafuata watu?"

Akalipangusa bawa kwa kiganja.

"Mwambie Zuwena alete lake. Hapa yataungana leo hii."

Magharibi ilitukuta njiani kurudi Ibra. Khaloo alitusubiri kwa chakula, akasikiliza mpaka mwisho.

"Umekunywa?"

"Vikombe viwili, khaloo."

"Ya Rabbi! Mtoto wa Kiarabu huyu, hajui kahawa!" Alitaka kukasirika, akashindwa, akajifunika mtandio akicheka. Kisha akauliza kwa sauti nyingine: "Linapakwa mafuta, umesema?"

"Kila Idi."

Akainuka kutoa vyombo.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena Minzafa peke yangu, nikawauliza majirani kila gofu lilikuwa la nani. Jawabu lilikuwa moja: warithi wapo, hakuna anayeshughulika. Nilikwenda nikidhani nyumba hizi zinaangushwa na mvua. Nimerudi nikijua kuwa zilizosimama ni zile ambazo bado kuna watu wanaogombana kwa ajili yake.

Sasa niko Unguja. Mlango wa chuma umeshaletwa Ibra, umeegemezwa uani, na khaloo amewazuia mafundi wasiuguse. Jana Rahma alinipigia. Mjomba Nasor ametuma salamu kwamba Ijumaa atakuja kuiona nyumba, yeye ambaye hajakanyaga mtaa ule tangu ujana wake. Khaloo ameanza kupika tangu sasa. Jambo moja hawakuweza kumuuliza, kwa haya: kama atakuja kwa gari yake ndogo, au kwa pikapu. Na kama ni pikapu, itakuja na mzigo, au itakuja tupu kubeba bawa la Ibra.