Buti za Watu Wawili

Kila asubuhi, kabla hajamuuliza mtu habari za kuamka, Kisigino hugonga buti. Huzitoa moja moja, huipindua kila moja kichwa chini na kuigonga kwenye mwimo wa mlango wa duka lake, ko, ko, ili kilicholala ndani kishuke. Kwa kawaida hushuka vumbi. Siku moja alishuka mjusi, akasimama kizingitini akimkodolea macho kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje bila kuambiwa. Tangu siku hiyo Kisigino husema "Hodi" kwanza, ndipo agonge.

Akimaliza, huzitundika kwenye misumari ukutani, nje, upande wa jua. Hutundika za kulia tu. Za kushoto hubaki ndani, kwenye gunia, gizani. Wauza viatu wote wa mtaa ule hufanya hivyo, maana mwizi hana la kufanya na buti moja. Ubaya ni jua. Buti ya kulia ikining'inia pale majuma kadhaa, hupauka, na mwenzake aliye guniani hubaki na weusi wake wa kuzaliwa. Ndiyo sababu mteja akishakubali kununua, Kisigino humwambia, "Subiri kidogo, ndugu yangu, niwapatanishe." Kisha huketi na brashi na kopo la rangi, akaisugua ile ya kulia mpaka mtu asiweze kusema ipi ilishinda nje na ipi ilishinda ndani. Hakuna mteja aliyewahi kutoka dukani kwake na buti ambazo hazijapatanishwa.

Jina la Kisigino alipewa na fundi saa wa mlango wa pili, kwa sababu humtambua mtu kwa visigino vya viatu vyake kabla ya kuinua macho. Na kwa kweli, kwa habari ya buti, watu walimsikiliza. Alikuja karani mmoja mwenye suti ya bluu, akaonyesha buti zenye ncha ndefu.

"Nataka hizi."

"Hizo ncha zitafika ofisini kabla yako," Kisigino alimwambia. "Bosi ataandika ncha zimewahi, wewe umechelewa. Jaribu hizi za kahawia, mbele mviringo. Na suti ya bluu zinaelewana. Mkanda wako rangi gani?"

"Mweusi."

"Katafute wa kahawia. Mkanda na buti ni mume na mke. Si lazima wafanane, ila wasigombane mbele za watu."

"Na suruali niichomeke ndani ya buti?"

Kutoka mlango wa pili fundi saa alicheka mpaka kile kioo chake cha jicho moja kikamdondoka.

"Unakwenda kulima?" Kisigino aliuliza kwa upole.

"Hapana."

"Unakwenda vitani?"

"Nakwenda kazini, mzee."

"Basi iache ishuke yenyewe. Ikunjike hapa mbele mkunjo mmoja, basi. Ikikunjika mara tatu ni pazia. Isipofika chini ni kaptula iliyobadili mawazo njiani."

Karani alijikanyagisha huku na huku. "Zinanibana kidogo hapa pembeni."

"Mwingine angekwambia zitalegea. Mimi nakwambia kitakacholegea ni mwendo wako. Vua, nikupe namba ya mbele."

Zilipomtosha, na baada ya kupatanishwa, Kisigino alimpa lile agizo ambalo humpa kila mteja. "Sasa usivue. Suruali haipimwi bila buti mguuni. Vuka barabara hivyohivyo, nenda kwa Mama Pini akupunguzie pindo."

Mama Pini ndiye aliyekuwa sababu ya Kisigino kupanga duka upande ule wa barabara, unaotazamana na wake, na si upande mwingine wenye kivuli. Alikuwa mjane, fundi wa cherehani, na jina lake lilitokana na pini alizozibana midomoni tangu anapofungua kazi hadi anapofunga. Kwa hiyo hakuwa mtu wa maneno. Akikubali alisema "mh", akikataa alisema "mh" nyingine, na wateja walijifunza tofauti kwa kumtazama nyusi. Kuuliza hakuuliza kabisa. Alipiga magoti mbele ya mtu, akatazama mguu, akajua alichotaka kujua, akachora kwa chaki.

Miaka mingi Kisigino alimpelekea wanaume waliovaa buti, naye alimrudishia wanaume waliokuja na suruali nzuri juu ya viatu vya aibu. Mwisho Kisigino akaona mzunguko huu wa wanaume wa watu umetosha. Alivuka barabara, akasimama mbele ya cherehani, akasema yote aliyokuwa nayo moyoni kwa pumzi moja, kwa haraka, akitumaini kwamba mwenye pini mdomoni hawezi kumkatisha. Mashine ilisimama. Mama Pini alikata uzi. Kisha alitema pini kiganjani, akasema, "Kaka yangu anakuja Jumapili. Zungumza naye." Akazirudisha.

Kisigino alirudi dukani akiwa anaelea. Fundi saa ndiye aliyemshusha.

"Kaka mtu ni yule mkuu wa walinzi? Pole, ndugu yangu. Yule humkagua mtu kuanzia chini. Kuna mwalimu alikwenda kuposa hapohapo mwaka juzi, kasoma, kanyooka, anazungumza vizuri. Alirudishwa mlangoni. Kamba ya kiatu ilikuwa inaburuta."

"Kwa kamba tu?"

"Yule bwana alisema, asiyeweza kufunga kiatu hataweza kufunga nyumba. Wewe utakwenda na nini? Na hizo kandambili?"

Hapo ndipo palipouma. Kisigino, mshauri wa mtaa mzima, hakuwahi kuvaa buti maishani mwake. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, alikuwa kwenye kandambili. Akiulizwa alijibu kwamba muuza buti akivaa buti, wateja watazitaka hizohizo alizovaa. Watu walicheka wakaridhika. Ukweli ni kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia, si kwa kidogo cha kufichika, ila kwa namba mbili nzima. Utotoni mama yake alimnunulia viatu kwa kipimo cha mguu mkubwa, na kiatu cha mguu mdogo akakijaza gazeti. Akikimbia, alisikika kama mtu anayefungua vifurushi, na watoto wenzake walimfuata nyuma wakimwomba awasomee habari za leo. Tangu wakati ule hakutaka mtu aitazame miguu yake kwa pamoja. Kandambili zilimsaidia, kwani kandambili hainunuliwi ili ikae sawa, na mtu hashangai kidole kikichungulia nje.

Lakini bahati ilikuwa imekwishamtembelea, na yeye alikuwa ameitundika ukutani. Robota la mwisho la mitumba lilikuwa limetoa kitu ambacho hakuwahi kukiona: jozi mbili za buti zilizofanana kama mapacha, za kahawia, fupi, zenye lastiki pembeni badala ya kamba. Jozi moja ilikuwa namba ya mguu wake wa kulia. Nyingine ilikuwa namba ya ule wa kushoto. Alizipita siku zote hizo bila kuthubutu, maana kuvunja jozi, kwake yeye, kulikuwa kama kutenganisha ndugu wa tumbo moja. Sasa alithubutu. Jumamosi jioni, akiwa amefunga mlango, aliingiza mkono guniani akatoa ile kubwa ya kushoto, na ile ndogo ya kulia alikuwa ameshaitwaa kwenye msumari wake wa nje. Akavaa. Zikamtosha. Zote mbili, kwa wakati mmoja! Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akasikia sauti ya visigino vyake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akajikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota pochi.

Alizipaka rangi, brashi kiasi kilekile huku na huku, bila upendeleo. Taa ya duka lile haikuwa na nguvu, na chini yake vitu vyote vya kahawia ni ndugu.

Ikabaki suruali. Suruali haipimwi bila buti, hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Lakini kupimwa na Mama Pini maana yake Mama Pini apige magoti, macho yake yafike sawa na ile miguu, na kupimwa na mwingine yeyote maana yake pia kuna mtu ameiona. Kwa hiyo, mapema juma lile, alikuwa ameipima mwenyewe, amevaa kandambili, akaipeleka kwa fundi wa mbali asiyemjua mtu, na kumwambia aibane chini kidogo, kimtindo.

Jumapili alipotoka nje, fundi saa alikuwa ameketi mlangoni.

"Makubwa! Kisigino ana visigino!" Kisha akainama, akatazama. "Lakini ndugu yangu, hiyo suruali imesikia kuna mafuriko?"

Kisigino alitazama chini. Suruali ilikuwa imenasa juu ya shingo za buti, pande zote mbili, na haikutaka kushuka. Aliivuta. Ikapiga hatua mbili naye, ikapanda tena.

"Na rangi..." fundi saa alianza.

"Nimechelewa," Kisigino akasema, akavuka.

Katikati ya barabara jua lilimfika miguuni. Ya kushoto ilikuwa rangi ya kahawa nzito. Ya kulia, iliyoning'inia ukutani majuma yote yale, ilikuwa chai ya maziwa, maziwa mengi. Maelfu ya wateja aliwapatanishia, na yeye alijisahau. Alisimama palepale mpaka mwenye mkokoteni akamwuliza kama amenunua barabara.

Mama Pini alikuwa mlangoni akimtazama. Hapakuwa na kurudi. Alifika, akavua buti kwa kasi ambayo haikuwa ya heshima, akazisukuma kwa kidole nyuma ya ndoo, akaingia na soksi. Chumba kilikuwa safi, viti vitatu, cherehani dirishani na rundo la sare za shule, kwani hata Jumapili mama huyu alikuwa na mapindo ya kumaliza. Pini zilikuwa mahali pake. Alimwonyesha kiti kwa nyusi.

Punde zikasikika hatua nzito, zenye mpangilio. Zikasimama nje ya mlango. Ndoo ikasikika ikisogezwa.

"Dada," sauti ilisema, "wageni ni wangapi?"

"Mh," akajibu Mama Pini, akiinua kidole kimoja, ambacho kaka yake hakuweza kukiona.

"Mbona hapa kuna viatu vya watu wawili?"

Kaka mtu aliingia. Alikuwa mrefu, ndevu zimenyolewa barabara, na mikononi alibeba buti zote mbili. Hakusalimia. Aliketi, akaziweka mezani sambamba, akazitazama kama mtu aliyeletewa mashahidi wanaopingana.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu, shemeji."

"Ushemeji bado. Hii nyeusi, hii nyeupe."

Kisigino alifungua mdomo kutoa ukweli. Ukafika nusu ya koo, ukaona watu, ukarudi. Kilichotoka badala yake kilikuwa hiki: "Ndio mtindo wa sasa, mkuu."

"Mtindo."

"Wa mjini. Moja inakoza, moja inapoza."

Mkuu wa walinzi alizipindua, akasoma soli. "Arobaini na mbili. Arobaini na nne." Akainua macho. "Na hili?"

"Nalo," Kisigino alisema, jasho likimtiririka nyuma ya masikio, "ni mtindo. Kwa ajili ya hewa."

"Hewa inahitaji mguu mmoja tu?"

Mtu aliyewaambia wanaume wazima kwamba mkanda wao ni mbaya, leo alitazama soksi zake.

Kaka mtu aliziweka buti chini taratibu. "Mimi si mtu wa mitindo. Kazini kwangu watu huvaa sare. Mwalimu yule nilimrudisha kwa kamba, na watu wakasema mimi mkali. Lakini mwalimu hakunidanganya. Nilimuuliza mbona kamba inaburuta, akasema imekatika. Sasa wewe, kama unanidanganya habari ya kiatu kilicho mbele ya macho yangu, dada yangu utamdanganya mangapi nisipokuwepo?" Akasimama. "Dada, huyu bwana aende."

Kisigino akasimama pia, kwa kuwa miguu yake, yote miwili, ilijua kutii. Aliinama kuchukua buti.

Mkono mwingine ulizitangulia. Mama Pini alikuwa ametoka kwenye cherehani, chaki sikioni, utepe shingoni. Alizichukua, akaziweka sakafuni mbele ya Kisigino, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia, akamwonyesha kwa nyusi: vaa.

"Dada, nimesema..."

"Mh," alisema dada. Ilikuwa ile ya pili, ya kukataa. Kaka mtu akaketi.

Kisigino akavaa. Mama Pini alipiga magoti mbele yake, akaivuta suruali iliyonasa, akakagua pindo la yule fundi wa mbali kwa uso wa mtu aliyeonjeshwa chumvi. Akachana nyuzi kwa wembe, upande mmoja, upande wa pili, kitambaa kikashuka. Kisha akatulia, macho yake yakiwa sawa na vidole vya buti zile mbili. Alizitazama kwa pamoja, kwa muda, kama ambavyo mtu hakuwahi kuachwa aitazame miguu ile. Kisigino aliusikia moyo wake ukigonga mbavu kama buti mlangoni.

Mama Pini akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma zote kwenye mkono wa gauni lake. Akainua uso.

"Mguu mkubwa ni upi?"

Kaka mtu alikuwa anasikiliza. Fundi saa, ng'ambo ya barabara, bila shaka alikuwa anajaribu kusikia.

"Wa kushoto," Kisigino akasema, na safari hii hakutaja mtindo.