Sharbati ya Zereshki

Juzi sokoni katika mji wetu wa Ibra niliona zereshki, vile vitunda vikavu vyekundu vya Iran, nikakumbuka harufu ya jikoni kwa bibi. Alasiri moja ya utotoni mwangu alivichemsha kutengeneza sharbati, akawa anaonja na kusonya, hatulii. Nami nilihangaika mlangoni kwa kiu.

"Bibi, tayari?"

"Bado, mwanangu. Haijawa."

Akatia hiliki, akakamua ndimu, akaonja tena. Nikadhani sukari haitoshi, nikamletea kopo. Alilitazama tu, akanimiminia gilasi yenye barafu, mwenyewe akatoka uani.

Nilipovuka bahari na kufika Unguja alikozaliwa bibi, nilikuwa mtu mzima. Nikapewa juisi ya mabungo, matunda machachu ya huko, na kwa funda la kwanza nikajua alichokuwa akikitafuta.

Zereshki za juzi nimezichemsha leo. Nimetia hiliki, nimetia ndimu, nimeonja.

Bado.