Inveta Yangu Ilivyowakatia Wazee Simu ya Posa

Wacha niwaambie mwenyewe kabla mke wangu hajawaambia akiongeza chumvi: mimi ndiye nilikaribia kumkosesha ndugu yangu Kevo mke, na si kwa ulevi wala matusi, ni kwa ujuaji.

Nilikuwa nimeweka betri ya stima nyumbani Mount Druitt, hapa Sydney, kubwa kama friji (nilitaka majirani waione), lakini kwa inveta, kile kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe ya kutumia nyumbani, nikabana mkono, nikachukua ndogo. Papa Espoir, fundi Mkongo ninayefanya naye kazi Smithfield, akaniambia, "Mukubwa, betri inakuambia utatumia saa ngapi. Inveta njo inakuambia utawasha vitu ngapi pamoja. Hii yako haibebe kitu." Nikamcheka. Eti mimi, mtoto wa Nakuru, niliyekulia kwa stima za kupotea, nifundishwe giza!

Jumamosi ya posa dhoruba ikakata stima mtaa mzima. Wazee wa msichana walikuwa Nyeri wakingoja kwa video. Kevo akasema tutumie simu yake, mimi (kichwa hiki!) nikapiga kifua, "Kwangu stima haipotei, leta watu wote." Wakaja, TV ikawaka, wifi ikashika, nikavimba. Sasa, posa haiongelewi na midomo mikavu, mnajua. Mke wangu akataka kuchemsha chai kwa gesi huko nje, nikamwambia mbele ya wageni, "Wachana na hiyo, tuko Australia," nikachomeka birika la stima mwenyewe. Hilo birika pekee linakula mara mbili ya kile inveta yangu inabeba, lakini hiyo hesabu ningeifanya saa ngapi, na nilikuwa nasifiwa?

Baba wa msichana alikuwa ndiyo amemaliza kutaja mahari. Inveta ikalia piii, TV ikazima, wifi kwisha. Huko Nyeri waliona nini? Watu wa Sydney wamesikia mahari, wakakata simu!

Kevo alipompigia, mzee alijibu neno moja, "Tumewaelewa," akakata. Kevo akaketi sakafuni, kashika kichwa, na betri yangu hapo kando imejaa pomoni, bure kabisa.

Tuliomba msamaha wiki tatu, tukatozwa mbuzi wa faini, ndipo wakakubali. Shemeji yuko hapa Sydney sasa. Majuzi mezani nilikuwa nawaeleza wageni habari ya inveta yangu mpya, akaweka kijiko chini.

"Shem, siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya baba na nguo mpya. Nilijua Kevo amenikataa."

Siku hizi sichomeki kitu kabla ya kusoma wati zake, na habari za stima mkitaka, muulizeni Papa Espoir.