Yaya Kapinga, wewe uliyeanza na masikio

Akili yangu inakataa. Ni wiki ya tatu tangu tumzike Yaya Kapinga, na kila asubuhi nikifungua saluni bado nageuka upande wa atelier yake, chumba chake cha kushonea, kumsalimia. Mlango umefungwa. Nasalimia mlango.

Kwa wasiomjua: Yaya ni dada mkubwa, ndivyo nilivyomwita; alikuwa fundi cherehani hapa mtaani Kamalondo, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na nguo za watoto wachanga alizishona vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ni presha iliyomuua. Jumatatu alikuwa anashona, Jumatano watu wa kwake wakanipigia simu.

Yote yalianza kwa sababu alitaka kitu cha kuonyeshea nguo zake. Midoli ya sokoni yote ni myeupe, macho ya bluu. Siku moja akaniletea simu, kuna video: watu wanatengeneza midoli inayofanana na mtoto kabisa, mpaka mishipa, mpaka mikunjo ya vidole.

"Nadège, angalia. Mi ntafanya yetu. Mutoto wa hapa."

Nilicheka mpaka mteja niliyekuwa namsuka akalalamika.

Akaagiza vipande kwa mama mmoja anayesafiri Dubai kununua bidhaa: kichwa, mikono na miguu ya plastiki laini, bila rangi. Rangi unapaka mwenyewe kwa sponji, nyembamba sana, kisha unaiweka kwenye oveni ishike. Halafu unarudia. Halafu unarudia tena.

Oveni yenyewe hana! Akaweka kichwa kwenye sufuria yenye mchanga, sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, vile tunavyooka keki. Jamani. Tulipofunua, pua ilikuwa imelala shavuni.

Yaya akakitazama kwa makini. "Huyu anafanana na bailleur wetu." Bailleur ni mwenye nyumba tunayepanga kwake, na kweli alifanana naye. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kichwa cha pili hakikuyeyuka, ila alikipaka kahawia ileile kila mahali, kikang'aa kama kiatu cha mwanafunzi.

Kesho yake alikuja saluni mbio, hata viatu hajavaa vizuri. "Bamama banaangaliaka nini mutoto akizaliwa? Masikio! Na mi niko naanza na mashavu. Bujinga gani hii?"

Ndiyo hivyo. Mtoto wetu anazaliwa mwekundu mwekundu, na wamama wanageuza sikio waone rangi atakayokuwa nayo. Tangu siku hiyo Yaya alianza na masikio, akayapaka giza kidogo pembeni, kisha uso wote akaupaka rangi hafifu. Wa tatu alipotoka, naapa, nilimsalimia.

Tumboni na kichwani alimwekea mchanga uliooshwa na kuanikwa, ndani ya vifuko vya kitambaa, awe na uzito wa mtoto. Akamweka mikononi mwangu bila kunionya. Kichwa kikaanguka nyuma, nikapiga kelele.

"Shika shingo, mudogo wangu! Shika shingo!" Alipiga makofi kwa furaha. Shingo ile ilikuwa fahari yake kubwa.

Sasa nafika kwenye jambo linalofanya niandike.

Aliniomba amweke kwenye dirisha la saluni yangu, amevaa nguo zake. Watu wakawa wanasimama. Commande zikaanza kuja, kila mmoja anaagiza wake. Kisha mteja wangu mmoja, mteja mzuri, akamtazama muda mrefu akasema, "Ile mutoto haipumue. Hii ni buloji." Akaondoka amesukwa nusu kichwa, kwa woga wa uchawi.

Wiki iliyofuata wawili wengine hawakuja. Nikaogopa. Nikaenda atelier, sikukaa hata kwenye kiti: "Yaya, mutoto wako umutoshe mu saluni yangu."

Hakugombana nami. Alikuja kumtoa dirishani, akamfunika kitenge, akamshika shingo, akasema, "Haina mambo." Nilijua ina mambo.

Na bado aliendelea kuniita! Nywele za midoli hii zinaingizwa kwa sindano, moja moja, na macho ya Yaya yalikuwa yamechoka, akataka mikono yangu ya kusuka. "Mikono yako njo ya hii kazi, Nadège. Kuya samedi." Nikajibu ndiyo, nitakuja samedi, Jumamosi. Samedi ikifika nina bibi harusi wa kusuka. Samedi nyingine nina mwingine.

Uongo. Niliogopa kuonekana na ile sindano mkononi. Nilimwogopa mteja mmoja kuliko nilivyompenda Yaya wangu, na jambo hilo litaniuma mpaka nizeeke.

Kwenye kilio, mdogo wake wa damu akaniita nyuma ya nyumba, akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na mwili ulioshonwa, kichwa chenye upara, masikio yamekwisha, pakiti ya nywele laini na sindano.

"Alisema nywele ni ya Nadège, mutu asiguse."

Kumbe alikuwa bado anasubiri samedi yangu. Nililia mpaka wageni wakauliza mimi ni ndugu yake wa upande gani.

Yaya, nimemaliza jana. Mstari wa mbele umepinda kidogo, ungenicheka wiki nzima. Nimefunga kichwa kwenye mwili, nimemvalisha ile nguo ya njano uliyoiacha kwenye cherehani, na nimemweka dirishani, palepale nilipokuambia umtoe mwenzake. Yule mteja amepita leo, ameangalia, ameenda zake. Aende.

Nisamehe, Yaya. Nilikuja ukiwa umeshaondoka.

Nilipomwinua kumpeleka dirishani, mkono wangu ulienda chini ya kichwa chake wenyewe, hakuna aliyenikumbusha. Kwa hiyo usihangaike tena. Lala sasa, Yaya Kapinga. Shingo nimeshika.