Bi Funua na Shali ya Mama

Wagonjwa wa chumba cha mashine za kusafisha damu ndio waliompa jina la Bi Funua, na jina likamganda. Akisukuma tu mlango asubuhi, fundi cherehani mmoja mwenye domo, ambaye kiti chake kilikuwa cha kwanza mlangoni, hupaza sauti: "Jamani, shikeni nguo zenu! Bi Funua kaingia!"

Chumba kizima hucheka. Hata mwalimu mstaafu asiyechekaga na mtu hutikisa mabega.

"Huyu siku ya harusi yake," fundi cherehani huongeza, "aliyejifunika ni bwana harusi."

"Cheka weee," hujibu yeye huku akivaa glovu. "Mkono nje."

"Baridi, mama."

"Najua baridi. Mkono nje."

Na baridi ilikuwa ya kweli. Damu ikitolewa mwilini, ikapita kwenye mipira hadi kwenye chujio la mashine, hurudi imepoa, na mgonjwa hutetemeka hata kama nje jua linapasua mawe. Kila mmoja alikuja na blanketi lake. Wangeachiwa, wangejifunika hadi puani. Lakini mkono wenye sindano haufunikwi, na hapo Bi Funua hakuwa na mchezo. Alipita kiti hadi kiti akifunua, akisonywa, akipita tena.

Hakuzaliwa fundi wa mashine hizo. Aliingia hospitali hiyo akiwa mfagiaji. Fundi wa zamani, waliyemwita Mzee Bomba kwa sababu ya mapenzi yake kwa mabomba, alimkuta mara kadhaa ameegemea fagio akizikodolea macho mashine. "Wewe, kama unataka kutazama, tazama huku unafanya kazi," akamwambia, na akamtia chumba cha maji. Humo alijifunza kupima kama maji yana klorini kabla mgonjwa hajaunganishwa, kwa sababu maji yale yale anayokunywa mtu bila shida, yakikutana na damu yake upande wa pili wa chujio, huiharibu damu yenyewe. Alijifunza kuhakikisha dawa ya kuoshea mashine imetoka yote. Alijifunza kuweka vidole juu ya mshipa wa mkononi, ule uliounganishwa kwa upasuaji ili upokee sindano, na kuusikia ukitetemeka kama paka anayekoroma. Mshipa ulionyamaza hauchomwi, anaitwa daktari. Baadaye alipelekwa mafunzoni, akarudi na cheti, akanunua viatu vyeupe, na fagio likapewa mwingine.

Jambo ambalo Mzee Bomba alilirudia hadi akastaafu ni hili: "Mashine ina king'ora cha kila kitu. Hewa ikiingia, italia. Mpira ukijikunja, italia. Lakini sindano inayorudisha damu ikichomoka, nguo ikailalia, mashine inaweza ikadhani mambo shwari. Itavuta damu huku, iimwage kule. Na mgonjwa tumempa dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo haikomi. Haumwi popote, anasinzia tu. Hapo king'ora ni macho yako, binti."

Basi macho yake yakawa hayatulii. Hata nyumbani, mumewe akilala, alijikuta anamfunua shuka mkononi.

Kisha figo za mama yake mzazi zikagoma.

Sista msimamizi alimwita pembeni. "Mama yako nimpe fundi mwingine? Damu ya mtu na mtu wake ni kazi ngumu."

"Nani, Mpole?" aliuliza.

Mpole alikuwa fundi mwenzake, mkono mwepesi, sindano yake haiumi, na wagonjwa walimpenda kama mtoto wao. Hakujua kusema hapana. Mgonjwa akimwambia uzito umezidi kwa sababu amepimwa na viatu, kumbe amekunywa maji kupita kiasi, Mpole hucheka na kuandika.

"Mama yangu nitamwangalia mwenyewe," alisema Bi Funua. Hakumwamini mwingine, na roho yake isingetulia.

Mama alikuja akiletwa na binti yake wa mwisho, Kitinda, aliyekuwa akiishi naye. Kitinda ndiye aliyempikia, akamwogesha, akamsikiliza akilalama. Kwa hiyo alijiona ana haki ya kusema, na alisema. Alimfumia mama shali ya sufu, pana, rangi ya zambarau, na siku ya kwanza tu alipoiweka begani mwa mama, dada yake akaishika pindo na kuivuta kutoka mkononi.

"Dada, anatetemeka!"

"Mfunike miguu. Mfunike kifua. Mkono uache."

"Kwani mkono si wake?"

Fundi cherehani akadakia kutoka mlangoni: "Dada mdogo, usihangaike. Huyo hata malaika akimjia na mbawa zake atamwambia afunue."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Ikawa hivyo kila wanapokuja. Kitinda anafunika, Bi Funua anafunua, mama anaangalia dari. Nyumbani kwa ndugu maneno yakaanza kupikwa: kwamba mkubwa amekuwa na moyo wa chuma, kwamba anamtendea mamaake kama mtu baki, kwamba anataka kuonekana mbele za wakubwa wake. Maneno yalimfikia yakiwa yameshatiwa chumvi. Aliyameza. Alijua akianza kuyajibu hatafika mwisho.

Siku yenyewe, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na chumba kilikuwa kama ndani ya jokofu. Alimchoma mama sindano zote mbili, akazibandika plasta kwa uangalifu, ingawa ngozi ya mama ilikuwa imekuwa nyembamba na yenye jasho, plasta haishiki vizuri kama zamani. Alikuwa bado ameinama pale mama alipofungua mdomo, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia.

"Ulipokuwa mchanga, baridi ilikuwa inanipiga mimi, wewe umo ndani ya nguo yangu. Sikukuacha na baridi hata siku moja. Leo mimi ndiye wa kuanikwa hivi, mbele za watu?"

Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani aligeuza uso. Mwalimu mstaafu alikohoa.

Kitinda alikuwa amesimama na shali mikononi, akimtazama dada yake.

"Weka," alisema Bi Funua. "Lakini isibane. Nitakuwa napita kila mara nafunua naangalia."

Mama alifumba macho. Baada ya muda mdomo wake ukaacha kutetemeka, uso ukalegea, akawa anafanana na mama wa zamani. Bi Funua alimwona, na moyo wake, aibu iliyoje kusema, ukafurahi.

Alipita akafunua, akaangalia, akafunika. Akapita tena. Kitinda akatoka ukumbini kupokea simu. Ndipo fundi cherehani alipoita, bila mzaha safari hii: "Bi Funua, naona giza."

Presha yake ilikuwa imeanguka. Alikuwa amelowa jasho, macho yamepinduka. Bi Funua akalaza kiti, akainua miguu yake, akazuia mashine isiendelee kumtoa maji, akamfungulia maji ya chumvi yaingie mshipani, akamwita kwa jina lake hadi akajibu. Kazi ile ilichukua muda. Si mrefu, lakini wa kutosha.

Alipogeuka, mashine ya mama ilikuwa inazunguka kimya, taa ya kijani. Mama alikuwa amelala vizuri. Rangi yake tu ndiyo haikuwa yenyewe. Kisha akaona chini ya kiti tone moja likianguka, likafuatiwa na jingine.

Alifika akiwa ameshanyoosha mkono wa kuzima pampu. Aliifunua shali, ikawa nzito. Zambarau ile ilikuwa imeficha kila kitu; sufu ilikuwa imenyonya damu yote, na godoro la kiti pia. Sindano ya kurudisha damu ilikuwa imelala juu ya mkono kama kitu kilichosahauliwa. Alifunga mirija, akakandamiza mshipa, akapiga kelele za kumwita Sista kwa sauti ambayo wagonjwa walisema hawakuwahi kuisikia kwake. Daktari alikuja mbio, damu ya kuongezewa ikaletwa, mama akabaki kati ya hapa na kule hadi jioni.

Hakufa. Hilo watu hulisema kana kwamba lilifuta mengine.

Mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mjomba aliwaita. Walikaa sebuleni kwa mama: mjomba kwenye kiti kikubwa, mama kwenye kochi na mto mgongoni, Kitinda miguuni pake.

"Alikuwa anamshughulikia mtu baki," Kitinda alisema akilia, "mama yake anavuja pale pale."

"Yule mtu baki alikuwa anakufa, Kitinda."

"Na mama?"

Mjomba akainua mkono. "Wewe ndiye uliyesomea. Sisi hatujui mambo ya mipira. Ulijua shali ni hatari au hukujua?"

"Nilijua, mjomba."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha. Kosa ni langu. Lakini mama ali..."

Akamtazama mama. Alitaka neno moja tu. Si kutetewa, neno tu, kwamba *mimi ndiye niliyeomba*. Mama alikuwa anachunguza kucha zake, moja moja, kama anayezinunua.

"Basi amekiri mwenyewe," mjomba akasema, na mambo yakaishia hapo. Aliyebaki na maneno mdomoni alikuwa yeye peke yake.

Kazini, Sista hakumpigia kelele. Alimwambia arudi chumba cha maji mpaka wakubwa wakae na kuamua. "Na mama yako atakuwa chini ya Mpole," akasema. Bi Funua aliitikia.

Chumba cha maji kilitenganishwa na wagonjwa kwa mlango wenye kioo kidogo. Siku mama aliporudi matibabuni, alisikia magurudumu ya kiti, akasikia Mpole akisema, "Karibu, bibi yetu, leo hutasikia hata sindano," na mama akicheka kidogo. Akaendelea kupima maji. Alipima, akarudia. Kisha akaenda kwenye kioo.

Kitinda alikuwa amenunua shali nyingine, nyeupe. Ilikuwa kifuani mwa mama, na pindo lake lilikuwa limeshuka hadi kwenye plasta. Mpole alikuwa amempa mgongo, akitaniana na fundi cherehani.

Akagonga kioo. Kitinda akageuka, akamwona, akaja akafungua mlango kiasi cha uso tu kupita.

"Dada, tuache. Ulishafanya yako."

"Nitukane baadaye, Kitinda. Nitukane mpaka uchoke. Mkono kwanza."

"Mpole yupo."

"Mpole hawezi kumkatalia mtu! Mkono, Kitinda!"

Mpole akageuka, akatazama shali, akatazama mlango, uso ukamshuka. Lakini kabla hajapiga hatua, mama alikuwa ameshautoa mkono wake mwenyewe. Aliutoa polepole, akauweka juu ya ile nguo nyeupe, wazi kabisa, vinyweleo vimesimama kwa baridi. Hakutazama mlangoni. Aligeuzia uso ukutani.

"Lo," akasema fundi cherehani, kwa sauti ndogo. "Kafunua hata akiwa nyuma ya mlango."

Safari hii hakuna aliyemsaidia kucheka. Kitinda alifunga mlango. Bi Funua alisubiri, kama mama angegeuka. Kisha akarudi kwenye mapipa yake, akafungua bomba, akakinga maji ya kupima, na kila alipomaliza kipimo alienda kwenye kioo kuangalia kama mkono bado uko nje.