Kompyuta ya Milango Miwili

Ukitaka kumuudhi yule mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Mama Nembo, simama mbele ya kompyuta yake wakati inawaka, uikodolee macho. Atakufukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku. Kwa imani yake, kompyuta ile hununa ikitazamwa. Ni kuukuu, aliinunua kwa ofisi moja iliyokuwa ikihama, na tangu hapo haijawahi kukubali kufanya kazi kabla chai haijachemka. Kwa hiyo yeye hubonyeza kitufe, huipa kisogo, hubandika birika, hufagia vipande vya nyuzi na kutia cherehani mafuta. Akirudi na kikombe chake, Windows imekwisha fika na kazi inaanza.

Kazi yenyewe ni kudarizi nembo: za mifuko ya mashati ya shule, za kofia za walinzi, za aproni za wapishi. Michoro yote aliyowahi kuichora imo ndani ya kompyuta hiyo, katika programu inayoitaka Windows na haitaki kusikia habari ya kitu kingine. Huhamishia mchoro kwenye flashi, flashi huichomeka kwenye mashine ya kudarizi, na sindano hufuata. Flashi ni ndogo, hivyo akimaliza oda huifuta. Mumewe alimwambia mara nyingi aweke nakala mahali pengine, naye akajibu mara nyingi kwamba ataweka.

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Mwenye maneno ni mdogo wake. Huyu alimwaga unga kiwandani mvi zikiwa zimeshaanza kumpiga hodi, akaamua kurudi chuo kusomea kompyuta, na kwa kuwa hakuwa na pa kulala akapewa chumba cha uani. Mama Nembo akambatiza Profesa. Walitaniana kutwa, kama mashemeji wanavyotaniana: yeye akimwambia atazeekea darasani, Profesa akimwambia kompyuta yake inastahili kustaafu.

Profesa alihitaji Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa masomo yake, na kompyuta ya kwake hakuwa nayo. Akaja kuomba kwa adabu zote.

"Shemeji, nigawie nusu ya diski. Windows yako inabaki palepale, Linux yangu inakaa pembeni. Kila mtu na mlango wake."

"Na michoro yangu?"

"Siigusi hata kwa ncha ya kidole."

"Ukiigusa, Profesa, utatafuta pa kulala."

Wakacheka wote wawili. Profesa akaishughulikia kompyuta Jumapili kutwa, jasho likimtoka, na Jumatatu alfajiri akaondoka kwenda mafunzo ya vitendo, mahali ambako simu haishiki mtandao.

Asubuhi hiyo Mama Nembo akabonyeza kitufe, akabandika birika, akafagia. Aliporudi na chai alikuta sura asiyoijua: picha ya milima, jina la Profesa katikati, na chini yake kisanduku kinachodai nenosiri. Windows hakuna. Akazima, akawasha, akaenda jikoni kujituliza. Aliporudi, milima ileile. Mchana akajaribu tena, na safari hii alipobonyeza tu alitoka mpaka uani, maana hakuwa na moyo wa kutazama. Milima haikusogea.

Shule moja ilikuwa inangoja nembo zake Ijumaa, nembo yenye simba aliyesimama juu ya kitabu, na simba huyo alikuwa ndani ya kompyuta. Akajikaza, akachukua kitambaa, akajaribu kumshona kwa mkono kwa kukisia. Akatoka paka mgonjwa. Akamfumua, akaanza upya, paka akazidi kuugua. Hapo ndipo hasira zilipompanda, na mimi siwezi kumlaumu. Kazi ya maisha yake imepotea, na mtu aliyekabidhiwa kompyuta kwa imani hata kwa simu hapatikani.

Mumewe aliporudi akaambiwa yote kabla hajavua buti.

"Umehakikisha?" akauliza.

"Nimewasha mara ngapi! Kuna milima tu. Mdogo wako akirudi, achague pa kwenda."

"Yule hana pa kwenda, mke wangu."

"Na mimi sina kazi."

Mume hakubisha. Anajua maji na mabomba, hajui kompyuta, na alimjua mkewe kuwa si mtu wa kusingizia. Alipoandaliwa chakula akasogeza sahani pembeni. Tangu jioni hiyo akawa anakula kama ndege, akidonoa na kuacha, na mkewe akijifanya hamwoni.

Jumatano Mama Nembo akaingia chumba cha uani na kufunga begi la Profesa. Alikunja nguo moja moja, kwa sababu mtu aliyezoea kitambaa hawezi kukivurumisha hata akiwa na mori. Shati moja la mistari lilikuwa halina kifungo. Akalitazama, akasonya, akaenda kuleta sindano. Hakumfanyia mwenye shati, alijisemea, alilifanyia shati. Begi akaliweka kando ya mlango wa mbele.

Alhamisi mchana Profesa akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hodi, hodi! Shemeji, msomi wako ana njaa!"

Kisha akaliona begi. Mzaha ukamkauka mdomoni.

"Nimefanya nini?"

"Umefuta kazi yangu."

"Mimi? Shemeji, haiwezekani. Hebu washa nione."

Mama Nembo akaenda, akabonyeza kitufe, akageuka kuelekea jikoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kubandika chai. Inachukua muda hiyo."

"Kaa, shemeji."

"Ikitazamwa inanuna."

"Nakuomba. Kaa."

Akakaa kwa shingo upande. Kioo kikabaki cheusi, kisha ikajitokeza mistari michache ya maandishi meupe. Wa kwanza uliandikwa Linux. Wa chini yake uliandikwa Windows. Na chini kabisa kulikuwa na namba inayopungua: tisa, nane, saba.

"Hiki nini?"

Profesa akabonyeza mshale wa kushuka, namba ikasimama.

"Hii ndiyo menyu ya kuwashia, inaitwa Grub. Ni kama bawabu. Anaamka kabla ya wote, anakuuliza unaingia kwa nani. Usipomjibu ndani ya sekunde kumi, anakupeleka kwa wa kwanza. Hukuiona?"

Mama Nembo akatazama mlango wa jikoni, akatazama kioo.

"Nilikuwa kwenye chai," akasema kwa sauti ndogo.

Profesa akaichagua Windows. Ikaja kwa uvivu wake wa siku zote, na kwa mara ya kwanza mwenyewe aliitazama mwanzo hadi mwisho. Akafungua michoro. Simba alikuwa amesimama juu ya kitabu chake, mzima wa afya, na wenzake wote nyuma yake. Mama Nembo akajifunika uso kwa kitambaa cha yule paka, akalia, akacheka, akalia tena. Alikuwa na furaha iliyochanganyika na aibu, na hakujua aanze na ipi.

"Unajua jasho la Jumapili lilikuwa la nini?" Profesa akasema. "Nilipomaliza, orodha ilikuwa na Linux peke yake. Windows yako iko salama kwenye diski, lakini Grub ilikuwa haijaruhusiwa kutafuta mifumo mingine. Nikasema leo nimekwisha. Sikuinuka kitini mpaka mstari wako ulipotokea. Nikajua hapo hata mpita njia atauona. Sikulikumbuka birika lako."

"Nisamehe, shemeji."

"Nami nilipaswa kukuonyesha kabla ya kuondoka."

Akaingia Linux, akafungua mipangilio ya Grub, na palipoandikwa kumi akaandika hasi moja.

"Sasa bawabu hahesabu tena. Atakungoja mpaka urudi na kikombe, hata kama chai itachemka kutwa. Na Windows ndiyo itakayokuwa imeteuliwa. Mimi nikitaka Linux nitapanda mstari mmoja, vidole ninavyo."

Akanakili na michoro yote kwenye flashi yake kubwa, bila kuuliza. Kisha akabeba begi lake kurudi uani. Baada ya kitambo akatoka amevaa shati la mistari, ameshika kifungo kwa vidole viwili.

"Shemeji, kumbe huku mtu hufukuzwa na vifungo kamili?"

"Ulitaka ukaniaibishe huko uendako?"

Fundi bomba aliwakuta bado wanacheka, mashine ikinguruma, simba wa kwanza akitoka na manyoya yake yote. Hakuuliza habari ya kompyuta. Alitazama kando ya mlango, pale palipokuwa na begi.

"Liko wapi?"

"Chumbani kwake," mkewe akasema.

Akakaa palepale kizingitini na buti zake, akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa mkono.

"Kuna chakula?" akauliza. "Nina njaa."