Soko Nililomjengea Adui Yangu

Kuna watu wanaotengeneza michezo ya simu kwa sababu wanapenda kuchezesha watoto. Mimi nilitengeneza soko ndani ya mchezo kwa sababu namchukia mtu mmoja, na sioni aibu kulisema.

Mtu huyo alikuwa mnunuzi wa samaki. Enzi hizo samaki wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, walifika Goma kwa lori, wamekaushwa kwa chumvi na kujazwa katika vikapu vikubwa, na mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliolisubiri lori hilo barabarani kila asubuhi. Sheria ya pale haikuwa imeandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: anayekigusa kikapu kwanza ndiye mwenye kukinunua. Unaweka kitu chako juu yake, kofia, shati, tambara, na kikapu kimeshapata mwenyewe. Mtu wangu alikuwa na vijana wenye miguu myepesi. Lori halijasimama, wao wameshapanda. Likisimama, hakuna kikapu kilichobaki bila tambara. Halafu yeye, ambaye hakuwa amekimbia hata hatua moja, anasogea polepole na kijiti cha meno mdomoni, anaanza kuwauzia wanawake samaki walewale kwa bei inayompendeza siku hiyo.

Siku moja mama alichoka. Nilikuwa naye, maana shule ilikuwa imefungwa. Alijikaza kikwembe chake kiunoni, akashika ubavu wa lori, akapanda. Mama yangu si mwembamba, na wanawake wenzake walimpigia vigelegele. Alipofika juu hakuwa na kofia wala tambara, basi akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandika juu ya kikapu. Yule mnunuzi, papa kama tunavyowaita wanaume wazima kwetu, naye akapanda, bila haraka. Akakiokota kitambaa kwa vidole viwili, akakitupa chini kwenye matope.

"Mama, kamio haiko ya bamama," akamwambia, akiugonga ubavu wa lori. "Shuka, utaumia."

Vijana wakaangua kicheko. Sisi ni Waislamu, babu zetu walitoka Maniema na biashara zao, na sikuwahi kumwona mama yangu barabarani kichwa wazi. Siku ile nilimwona, na watu wote walimwona. Alishuka akiwa amejifunika kwa mikono.

Haikuishia hapo. Yule papa alikataa kumuuzia samaki, na mwanamke yeyote aliyemgawia mama kikapu naye alinyimwa. Baada ya muda mfupi meza ya mama ikafa. Akaanza kukaanga mandazi mlangoni kwetu, Mabanga, na hajarudi sokoni hadi leo. Akihitaji nyanya anamtuma mtu. Mimi nilikua na jambo hilo tumboni. Nimesoma nalo, nimeolewa nalo, na mume wangu anajua kwamba kuna siku ambazo hanisemeshi.

Nilisomea kompyuta, kisha tukapanga chumba na wenzangu wawili, tukaanza kutengeneza mchezo. Mmoja anachora. Mwingine, mtoto wa wafugaji wa milima ya Masisi, mpole kama maziwa, ndiye anayehakikisha mitambo haizimi. Katika mchezo wetu watu wengi wanaishi pamoja, kila mmoja na simu yake, kandokando ya ziwa kubwa. Wanavua, wanalima, wanafua chuma. Mchezo wenyewe hauuzi kitu. Kila ndoano, kila gunia la chumvi, kila samaki ni mchezaji amemuuzia mchezaji, kwa fedha ya mchezo ambayo watu hubadilishana kwa fedha ya kweli. Kwa hiyo soko ndilo roho ya mchezo, na soko nilikabidhiwa mimi.

Soko la kwanza niliandika haraka. Mzigo wa muuzaji unatokea na bei yake, anayebonyeza kwanza anauchukua. Niliona ni haki kabisa, kwani kidole cha tajiri na kidole cha maskini vina urefu mmoja. Mwanzoni watu walifurahi, wakaitana, tukapata wachezaji hadi Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Baadaye malalamiko yakaanza. Samaki wanaisha kabla hawajaonekana. Chumvi haipo, ila kwa watu walewale, na kwa bei ya kunyonga. Mmoja alituandikia kwamba anavua siku nzima ili anunue ndoano, na ndoano zenyewe anaziona zikipita tu.

Nikawa nahangaika na hilo, hadi siku nilipoingia kibanda kimoja hapo Mabanga kununua salio la simu. Kwenye ubao nyuma ya kaunta simu zilikuwa zimesimamishwa kwa safu, na katika kila simu liliwaka ziwa letu. Vijana walikuwa wamezikalia kama wapiga ngoma, wanabonyeza bila kupumzika. Nyuma yao, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee mwenye kijiti cha meno. Barabara ya Vitshumbi ilikuwa imeharibika kwa vita, malori ya samaki yamekuwa ya kubahatisha, naye alikuwa amehamia kwenye ziwa langu.

"Karibu, mama," aliniambia, akanipa salio langu. Hakunitambua.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeshaamua. Nilimwambia yule mwenzangu wa Masisi azifungie simu zote za kibanda kile, leo hii, na asiulize. Akauliza.

"Utamufungia juu ya kosa gani?"

"Juu ya wizi."

"Wizi gani, dada? Sheria yetu inasema wa kwanza njo anabeba. Yee njo wa kwanza."

"Iko na telefone mingi!"

"Nionyeshe fasi tulikataza telefone mingi."

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Lile lori nilikuwa nimelijenga mimi. Niliketi kwenye kiti kizuri, na diploma yangu ukutani, nikaandika upya ile sheria iliyomvua mama yangu kitambaa, kisha nikaita watu waje wapande. Nililia pale mbele ya wenzangu, na kilio kilikuwa cha hasira tupu. Mtu yule alikuwa ameingia hata kichwani mwangu, akanifundisha kwamba soko ni mbio, nami nikakubali bila kujua.

"Sheria ya mutu moja haiko sheria," mwenzangu wa Masisi alisema baadaye, akinipa maji. "Tengeneza ile itamukamata hata kama hauyue jina yake."

Nilikubali, lakini kwa roho mbaya. Yeye alitaka sheria ya haki. Mimi nilitaka sheria isiyomtaja na inayomuumiza. Tulikuta kwamba kazi ni ileile, na hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa.

Jambo la kwanza nililoua ni mbio. Katika soko jipya mzigo ukitokea, hakuna wa kuunyakua. Kila anayetaka anaandika kimya bei anayoweza na kiasi anachohitaji, na hakuna anayeona ya mwenzake. Muda unaachwa, wa kutosha hata kwa mtu mwenye mtandao wa kusuasua au aliyekwenda kuchota maji. Kisha soko linafungwa, linaanza na waliotaja bei ya juu na kushuka, linagawa hadi mzigo uishe. Wote waliopata wanalipa bei moja, ile ya yule wa mwisho kupata. Mwenye kidole chepesi hapati chochote cha zaidi.

Tulilijaribu mezani, kwa maharage. Wenzangu walikuwa wachuuzi, nami nilicheza nafasi ya yule papa. Niliweka njiti ya kiberiti mdomoni, nikaanza kutafuta namna ya kuwaibia. Siku nyingi niliishi ndani ya roho yake, nikauliza kila saa: hapa angepenyaje? Na niseme kweli, nilikuwa hodari. Niligundua kwamba ningeweza kutaja bei ya kutisha mara moja, nikanunua mzigo wote, nikauficha, nikauza baadaye kwa njaa ya watu. Basi nikaamua kwamba samaki wataoza.

"Bachezaji batakasirika," alisema yule mchoraji.

"Bakasirike. Samaki inaozaka."

Kwa chumvi na chuma, ambavyo haviozi, niliweka kodi ya ghala: magunia machache unayahifadhi bure, yakizidi unalipa, na kadiri yanavyozidi ndivyo kodi inavyouma. Kuhusu zile simu nyingi, niliamua kwamba kila mchezaji lazima kwanza avue na kulima kwa mikono yake kwa muda ndipo aruhusiwe kununua, na aendelee kufanya hivyo. Kijana mmoja hawezi kuvua katika simu kumi na bado akapata nafasi ya kula. Kila nilipoziba tundu nilimwona usoni. Wenzangu walisema nilikuwa nacheka peke yangu.

Tulitangaza sheria zote hadharani kabla ya kuziwasha, hakuna hata moja iliyofichwa. Siku ya kwanza yule papa alifanya nilichomtarajia. Alitaja bei ya juu sana katika kila simu iliyoruhusiwa kununua, akabeba samaki wote, hivyo wa mwisho kupata alikuwa yeye mwenyewe. Watu wakatutukana. Mchoraji akaniangalia, nikamwambia asubiri. Mzigo wa pili ukaja, watu wadogo wakaandika bei zao ndogo, wakapata, kwa sababu yeye alikuwa amemaliza fedha zake kwenye ule wa kwanza. Wa tatu ukaja. Hakuna aliyemhitaji tena, na samaki aliowanunua kwa bei yake mwenyewe walianza kubadilika rangi ghalani. Mchoraji wetu alikuwa amewachora vizuri, mashavu yanageuka kijani kwanza, kisha nzi. Nilitazama maghala yake yakioza moja baada ya jingine, huku nakula mandazi ya mama. Sijawahi kula mandazi matamu vile.

Alijaribu njia nyingine. Nyingi nilikuwa nimeshazipitia mezani, na chache nilizozisahau tulizifunga kwa watu wote. Mwishowe akaja mwenyewe ofisini, mchana, amevaa koti, akaketi bila kukaribishwa.

"Ni nani alitengeneza hii soko?"

"Ni mimi, papa."

Alitazama nyuma yangu, pengine akidhani kuna mwanaume amesimama hapo. Kisha akaomba aelezwe. Nilimweleza kila kitu, taratibu, tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu kubwa, kwamba sikuwa na siri ya kumficha.

"Na nikikuya wa kwanza?"

"Wa kwanza na wa mwisho beko sawa."

"Na nikileta telefone zote?"

"Zote zitalipa bei moja."

"Na nikinunua mzigo yote?"

"Itaozea kwako, papa."

Nilimwona akizunguka kichwani mwake, anagonga ukuta huu, anagonga ule.

"Sasa mutu wa nguvu anapata nini ndani?"

"Anapata samaki yake, sawa vile wengine."

Akatikisa kichwa. Halafu akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Uko mutoto ya nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelisubiri tangu utoto. Nilisimama. Nilimwambia mama yangu alikuwa nani, alisimama wapi barabarani, alipanda lori siku gani ya mvua, na kitambaa chake kilitupwa na nani. Sauti yangu ilipanda, wenzangu wakaacha kazi. Nilikuwa nimejiandaa akane, afoke, au aombe msamaha, na kwa kila moja nilikuwa na jibu la kumkata maini.

Hakufanya hata moja. Alitoa kijiti mdomoni, akafikiri. Alifikiri kweli, niliona anajitahidi, uso umekunjamana kama wa mtu anayetafuta ufunguo.

"Kitambaa," alisema. "Mama, bitambaa ya bamama tulitupaka mingi. Sitakudanganya. Sikumbuke gani ilikuwa ya mama yako."

Kisha akanishukuru kwa maelezo, akaondoka. Bado anacheza. Anaandika bei yake na kusubiri, na siku nyingine anapata.

Nilikuwa nimempigia mama simu asubuhi ile, baada ya kijana wa kibanda kututaarifu kwamba bosi wake anakuja. Nilipofika nyumbani nilimkuta akikanda unga. Hakuuliza habari za samaki, wala za soko, wala kama mtu huyo amepata hasara. Aliendelea kukanda, hakuinua macho.

"Alinikumbuka?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Palepale."

"Nilijua," alisema. Mabega yake yakashuka, akaomba nimpitishie sukari.

Sikuwahi kumdanganya mama yangu kabla ya jioni ile. Na hilo nalo namhesabia yule papa.